Nyuzi za Kopo

Mimi ni fundi. Sijui kupenda kitu nisichokipima.
Ulipokuja, Nsimire, umekunjika kama shati jipya la dukani,
niliacha futi (futi ni ya wateja), nikachukua uzi,
nikaunyosha toka utosini hadi kisiginoni
nikaukata kwa meno.
Uzi mweusi. Juma lile nilikuwa nashona koti la mchungaji.

Bibi yako alikuwa ameshuka kutoka Kabare na kikapu cha maharage.
Alikunja uso. Akasema:
"Anayepimwa kwa uzi ni maiti."
Sikumjibu mama mkwe. Nikautia uzi kwenye kopo la maziwa,
nikalipandisha juu ya kabati.

Mwezi ule tulilala kwa zamu.
Mvua ilipiga mabati ya Kadutu, udongo ukawa unashuka,
nikasikia kila jiwe linalosogea kwa jirani wa juu;
mkono mmoja ukutani,
mmoja kifuani pako.

Mwezi wa pili ulitabasamu.
Mama yako akasema ni tumbo tu.
Nami nilijua ni mimi.
Uzi wa buluu, wa sare za shule.

Halafu ukagundua mkono wako.
Ukautazama kama mtu aliyeokota noti njiani,
akaigeuza, akaigeuza tena,
haamini kama itapokelewa dukani.

Siku ya kilo, kwa Nesi Nabintu,
watoto mnaning'inia kwenye mizani ndani ya kaptula ya turubai
kama vichane vya ndizi, na kila kichane kinalia kwa sauti yake.
Kilo sita na nusu!
Nesi akaweka nukta kwenye kadi,
nukta ikapanda mlima kuliko ile ya nyuma.
Nilirudi nyumbani nikiwasalimu hata wanaonidai.

Mwezi wa tano sina uzi.

Mwezi wa tano nina karatasi ya hospitali,
nina jina la dawa ambalo ulimi wangu haulibebi,
nina usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne
kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi.
Mkono wako ulifungiwa kipande cha katoni
ili sindano isichomoke.
Mfukoni nilikuwa na uzi, mweupe,
pamoja na yale maneno ya Kabare.
Sikuutoa.

Ulipopona uliketi. Ukaanguka. Ukaketi.
Jino, mama yako ndiye aliyeliona,
kwa kelele iliyovuka mtaro hadi kwa akina Ntakwinja,
wakadhani umeme umerudi.
Ulikula uji wa soya na sambaza za kutwanga
ukanipaka nusu yake shingoni.

Sasa ni miezi kumi na hulali ukapimika.
Nikikunyosha unapinduka,
uzi unauvuta, unautia mdomoni.
Unasimama umeshika cherehani, unaponda pedali kwa kiganja,
gurudumu linazunguka, sindano inashona hewa.
"Ba," unauambia mkasi.
"Ba," unamwambia paka.
Na mimi nageuka kila mara.

Leo asubuhi nilishusha kopo niongeze wa mwezi huu.
Mteja akabisha. Nikageuka kidogo tu,
tena kidogo kweli,
nawe ukalifikia.
Mweusi, buluu, mwekundu wa kitenge cha harusi,
kijani, kahawia, vyote fundo moja
na mate yako.
Hata mimi niliyevikata
sijui tena upi ni wa lini.

Mteja anangoja suruali yake.
Mama yako yuko Nyawera na beseni la sambaza.
Nimeketi sakafuni nafumua kwa ncha ya sindano,
wewe unalifunga upya upande wa pili,
unanicheka kwa meno manne.

Na vidole vyangu, Nsimire, sijavituma,
vinapekua katikati ya rangi zote hizo
vinautafuta mweupe.